Amana ya Mama Siyo Mapato ya Serikali

Kila mtoto wa Dar aliyewahi kutumwa soda anaijua amana, hata kama hajui kwamba ndiyo inaitwa hivyo. Unakwenda kwa Mangi bila chupa, Mangi anakutazama, anakwambia acha hela ya chupa. Unaacha. Ukirudisha chupa unarudishiwa hela yako. Mangi hakuulizi risiti, hakwambii urudi Jumatatu, wala hakukati hela ya kuosha chupa. Akiichanganya na mauzo ya sukari kwenye lile boksi lake la mbao ni shauri yake, ukija na chupa anatoa.

Naanzia kwa Mangi kwa sababu kuanzia Desemba 2023 mpaka Novemba 2024, miezi kumi na moja kamili, nilikuwa nadai hela ya chupa kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini. Chupa yenyewe ilikuwa nyumba: vyumba viwili, sebule, jiko na kibaraza cha kuanikia nguo, ghorofa ya pili. Mama yangu aliipanga mwaka 2009 nikiwa darasa la sita. Nakumbuka alivyokaa kitandani akihesabu noti, shilingi 150,000 mara tatu, kodi ya miezi mitatu ikae kama amana, mbali na kodi ya mwezi wa kwanza. Nilimuuliza hizo za kukaa tu zinakwenda wapi. Akasema, "Zinatusubiri siku tukitoka."

Taasisi sitaitaja. Kwanza mama amenikataza. Pili, nikiitaja mtasema ni ugonjwa wa ofisi moja. Wenye nyumba wa umma Bongo ni wengi jamani: kuna Shirika la Nyumba la Taifa, kuna Wakala wa Majengo, kuna mifuko ya hifadhi ya jamii, kuna halmashauri, kuna vyuo na mashirika yenye kota zake. Asianze mtu kubahatisha. Tangu nianze kuulizia habari hii nimezungumza na wapangaji wa zaidi ya mmoja kati ya hao, na hadithi zao zinafanana kama watoto wa tumbo moja.

Basi mama alistaafu, akaamua kurudi Muheza kwenye nyumba yake. Akaandika barua ya notisi kama mkataba unavyotaka, akalipa kodi mpaka siku ya mwisho, akasafisha nyumba mpaka vioo, akakabidhi funguo. Mimi nikapewa kazi ya kufuatilia amana, maana ndiye niliyebaki mjini na ndiye "msomi".

Safari ya kwanza nikaambiwa lete barua ya kuomba kurudishiwa. Nikauliza, ile barua ya notisi haitoshi? Haitoshi. Nikaleta. Safari ya pili, lete risiti halisi ya malipo ya amana. Ya mwaka 2009! Nawaombeni muwaze, nani kati yenu ana karatasi yoyote ya mwaka 2009 mbali na cheti cha kuzaliwa? Mama anayo. Mama ni mwalimu wa zamani, ana sanduku la bati ambalo ndani yake kuna risiti ya redio aliyonunua kabla sijazaliwa. Risiti ikaja kwa basi kutoka Muheza, ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Safari ya tatu, ukaguzi wa nyumba bado. Ya nne, ukaguzi umeshafanyika ila mkaguzi yuko semina Dodoma. Ya tano, faili halionekani masjala. Ya sita, faili limeonekana ila halina dokezo. Ya saba sikumbuki, nadhani mhasibu alikuwa likizo.

Mtu mmoja wa ndani, kijana wa rika langu, alinionea huruma tukakaa kantini akaniambia ukweli, na ukweli huo ndio ulionifanya niandike. Alisema, "Kaka, ile hela haipo." Nikashtuka, nikadhani anamaanisha imeibwa. Hapana. Hakuna aliyeiba. Ilipoingia mwaka 2009 iliingia akaunti ile ile inayoingia kodi, ikawa sehemu ya makusanyo, ikalipia mishahara, mafuta ya magari na rangi ya ngazi. Sasa ili kumrudishia mama yangu inabidi itafutwe kasma. Na katika bajeti yao ya mwaka ule, kasma ya kurudisha amana ilikuwa imewekewa fedha kidogo, zikaisha mapema, na waliokuja baadaye wanasubiri kwenye foleni.

Hapa ndipo penye tatizo lote, na ni rahisi kulipita kwa sababu linasikika kama mambo ya wahasibu. Amana ni mali ya mpangaji iliyowekwa mikononi mwa mwenye nyumba. Neno lenyewe kwa Kiswahili limebeba uzito kuliko dipoziti. Mtu akikuachia amana yake, mbuzi au dhahabu, huli. Hata babu zetu ambao hawakuwahi kuona benki walilijua hilo. Taasisi inayoihesabu amana kama mapato inakuwa imekwishaila siku ile ile ilipoipokea, na kinachofuata miaka kumi na minne baadaye ni mpangaji kuomba msaada.

Na ndiyo maana inaonekana kama hisani. Umeona wanavyokujibu dirishani? Kwa sauti ile ya mtu anayekufikiria.

Sasa linganisha na upande wa kuingiza. Tangu 2017 serikali ina mfumo wa kielektroniki wa kukusanya malipo yake, ule unaotupa kontrol namba. Mama alikuwa analipa kodi kwa simu akiwa jikoni, ujumbe wa kuthibitisha unaingia kabla ugali haujaiva. Ni mfumo mzuri, sina ugomvi nao, umepunguza watu kushikishwa hela mkononi na risiti za kufoji. Lakini hela ya kuingia ina namba na ya kutoka haina. Kuingia sekunde kumi, kutoka miezi kumi na moja. Simu ni ile ile, jina ni lile lile, mfumo unajua kila shilingi aliyolipa. Kisha anaambiwa alete karatasi halisi.

Kuna watakaosema, nenda kashtaki, nchi ina sheria. Haya, twende kwenye sheria, maana mimi mwenyewe nilikwenda.

Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake. Ilikuwa na kasoro zake nyingi, wenye nyumba waliichukia, na mwaka 2005 ikafutwa. Tangu hapo mambo mengi kati ya mpangaji na mwenye nyumba yanategemea mkataba, na mkataba wenyewe unaandikwa na mwenye nyumba. Wa mama ulisema amana itarudishwa "baada ya taratibu kukamilika". Ni taratibu zipi, zikamilike lini, hakuna. Ukiusoma kwa makini unakuta mpangaji ana tarehe ya kulipa kodi, ana siku za kutoa notisi, ana siku ambayo akichelewa anapigwa faini. Mwenye nyumba hana tarehe hata moja.

Mwenye nyumba akiwa ni mzee wa Sinza, walau kuna pa kumfikia. Unajua anaposwali, unajua anapokunywa supu, na akikataa kabisa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila akiwa taasisi ya umma, mambo yanabadilika. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria inayohusu mashauri dhidi ya serikali. Maana ya "serikali" ikapanuliwa, ikaingiza halmashauri, wakala, mashirika ya umma na kampuni ambazo serikali ina hisa nyingi. Mdai akatakiwa kutoa taarifa ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu.

Mahakama Kuu! Kwa shilingi 450,000. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, sasa ni wakili, alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia ada ya wakili wa kusimama Mahakama Kuu itaila hiyo amana kabla jaji hajaita jina. Sheria ile huenda ilitungwa kwa ajili ya kesi kubwa, za wawekezaji na za mabilioni, ambapo kweli serikali inahitaji kujipanga. Sikatai. Lakini wavu ukitegwa kwa ajili ya papa unanasa na dagaa, na dagaa mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayetaka hela yake akanunulie mabati.

Matokeo yake kila mpangaji mwenye akili anafanya anachofanya. Hapa naomba nieleze kitu ambacho kila mtu kwenye maghorofa yale anakijua ila hakiandikwi kwenye ripoti.

Jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, baba mmoja fundi wa magari, alipoona nahangaika alinisikitikia sana. Akasema, "Mama yako alimaliza kijinga. Amana huwa inaliwa." Maana yake, ukishajua unatoka, miezi mitatu ya mwisho hulipi kodi. Unakaa bure, unaila amana yako mwenyewe ukiwa ndani, kisha unaacha funguo kwa mlinzi. Ndivyo wanavyofanya wengi. Na ukiwauliza wanakwambia hawajaiba, wamejilipa.

Kisha unafungua gazeti, pengine langu, unakuta taasisi za nyumba zinalalamikia wadaiwa sugu, na wakurugenzi wanatangaza oparesheni ya kuwatoa watu nje. Najua wadaiwa sugu wa kweli wapo, tena wakubwa, na baadhi ni ofisi za serikali zenyewe. Lakini sehemu ya hayo madeni ya wapangaji wa kawaida ni amana zilizoliwa kwa sababu hakuna anayeamini zitarudi. Taasisi haimrudishii mpangaji kwa sababu wapangaji hawaaminiki, mpangaji halipi miezi ya mwisho kwa sababu taasisi haiaminiki, na anayepigwa katikati ni yule mmoja aliyefuata mkataba. Mama yangu.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Yule kijana wa kantini alinionyesha picha kwenye simu yake za nyumba iliyoachwa: masinki yameng'olewa, soketi zimetolewa na nyaya zake, mlango wa choo haupo. Mpangaji mwingine aliacha bili ya maji ya miaka. Amana ipo kwa ajili ya watu kama hao na nikiwa mimi ndiye mwenye nyumba nisingewarudishia hata senti. Sawa kabisa. Lakini hapo ndipo inapotakiwa karatasi: nyumba ilikuwaje siku ya kuingia, ikoje siku ya kutoka, na tofauti yake ni shilingi ngapi.

Sisi tulikatwa 190,000 za "ukarabati". Nikaomba mchanganuo. Hakuna mchanganuo. Nikaomba kuona ripoti ya mkaguzi. Ni ya ndani. Nikauliza nani alikagua nyumba siku tunaingia mwaka 2009 na iko wapi ile ripoti. Kimya. Kwa mdomo nikaambiwa ni rangi. Mtu amekaa miaka kumi na minne! Rangi gani ya ukutani inadumu miaka kumi na minne? Kodi inalipwa ili nyumba itumike, na nyumba ikitumika inachakaa, huo ni uchakavu wa kawaida na gharama yake imo ndani ya kodi. Tena mama aliipaka rangi mara mbili kwa hela yake, mara ya pili mimi ndiye niliyeshika brashi, bado nina fulana yenye madoa ya krimu.

Zikabaki 260,000. Na hizo 260,000 siyo zile za 2009. Mwaka ule dola moja ilikuwa kama shilingi 1,300. Mwaka 2024 ilipita 2,500. Yaani hata wangerudisha zote 450,000 bila kukata, ukizipima kwa dola ni kama nusu tu ya alichoweka. Nusu nyingine imeyeyuka ikiwa mikononi mwao, na wao waliitumia ilipokuwa bado nzima. Ujerumani sheria yao ya kiraia inasema amana isizidi kodi ya miezi mitatu, iwekwe mbali na mali za mwenye nyumba, na riba yake ni ya mpangaji. Kule England tangu Aprili 2007 mwenye nyumba binafsi anayechukua amana kwa upangaji wa kawaida lazima ailinde kwenye mpango unaotambuliwa na serikali, na asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji hadi mara tatu ya hiyo amana. Waliona kwamba mwenye nyumba hawezi kuwa mshika hela na mwamuzi kwa wakati mmoja. Huku kwetu mshika hela, mkaguzi, mkadiriaji wa hasara na mwamuzi wa rufaa wanakaa korido moja na wanakunywa chai pamoja saa nne.

Ila msidhani serikali yetu haiwezi kumrudishia mpangaji kilicho chake. Inaweza. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa kwenye nyumba zao kuanzia 2011 wakaahidiwa kurudi. Wakatangatanga. Septemba 2016 Rais Magufuli akaenda pale, akatoa agizo, Wakala wa Majengo wakajenga, na Machi 2022 Rais Samia akazindua. Kaya 644 zikajengewa nyumba. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini fikiria ilichukua nini: miaka zaidi ya kumi na marais wawili. Mama yangu hana rais wa kumtuma masjala.

Mimi nilikuwa na kitambulisho cha gazeti.

Hii sehemu sikutaka kuiandika lakini nisipoiandika nitakuwa nimewadanganya. Safari ya tisa au ya kumi, mwezi Oktoba, nilipoambiwa tena njoo wiki ijayo, nilitoa kitambulisho nikakiweka kwenye kaunta. Sikusema neno. Yule dada akakisoma, akaingia ndani, akatoka na bosi wake ambaye miezi yote ile nilikuwa naambiwa yuko safari. Bosi akaniita "ndugu mwandishi", akaagiza nipewe kiti. Faili likaonekana siku ile ile. Kasma nayo ikapatikana. Wiki tatu baadaye hela ikaingia kwenye simu ya mama, kwa sekunde zile zile kumi.

Nilitoka pale nikiwa na furaha mpaka nilipofika ngazini. Pale ngazini alikuwepo mzee mmoja niliyekuwa nakutana naye karibu kila safari, ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni, anadai amana ya marehemu kaka yake ambaye alikuwa mpangaji tangu miaka ya tisini. Mzee akaniuliza, "Vipi kijana, wamekujibu?" Nikasema wamesema wiki ijayo. Nilimdanganya, kwa aibu tu. Sikutaka ajue nimeruka foleni aliyosimama yeye kwa muda mrefu kuliko mimi.

Kwa hiyo ninapodai haya sidai tena kwa ajili ya mama, yeye ameshanunua mabati yake, machache kuliko alivyopanga. Nadai kwa ajili ya mwenye bahasha. Amana za wapangaji wa nyumba za umma zikae akaunti yake, isiyoguswa na mishahara wala mafuta ya gari. Siku ya kuingia na siku ya kutoka nyumba ikaguliwe mpangaji akiwepo, picha zipigwe, karatasi isainiwe na wote wawili. Zikipita siku 30 tangu funguo zikabidhiwe, hela itumwe kwenye simu ile ile iliyokuwa ikilipa kodi, na kama kuna kilichokatwa kiandikwe kimoja kimoja na bei yake. Risiti halisi isiulizwe, kumbukumbu za malipo ni kazi ya aliyepokea. Na madai madogo kama haya yapelekwe kwenye baraza la wilaya, Mahakama Kuu ibaki na wenye mabilioni yao. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Najua watasema hela za kuanzishia hiyo akaunti hazipo, zimekwishaliwa. Basi waanze na amana za wapangaji wanaoingia leo, na za zamani wazitengee fungu kila mwaka mpaka ziishe. Anayedaiwa na taasisi hizi hupewa ratiba ya kulipa. Na wao wajipangie yao.

Juzi jirani mwingine wa pale, dada wa ghorofa ya tatu, amenipigia simu. Amepata kazi Mwanza, anahama mwisho wa mwezi wa tatu kuanzia sasa. Anaishi na watoto wawili, mpangaji mzuri, hajawahi kudaiwa. Akaniuliza bila kuzunguka, "Kaka, hii miezi mitatu nilipe au nile amana?" Nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika. Mwisho nikamwambia alipe. Jumamosi nakwenda kwake na kamera ya ofisi, tukapige picha kuta zote.